Namna ya kuuonja tena utamu wa katuni za mashujaa

Ukimuuliza mtu mzima kwa nini aliacha kusoma katuni za mashujaa, mara nyingi hatakwambia kwamba zilimchosha. Atakwambia alipotea. Alimwacha Spider-Man akiwa shuleni, aliporudi akakuta Spider-Man wako kadhaa, Batman ana mtoto, Superman alishakufa akafufuka, na kila kitabu anachoshika kinamtuma kwenye kingine ambacho hana. Akakifunga, akaenda zake kutazama filamu.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Naamini kinachoua utamu ni ile tamaa ya kujua kila kitu kwa mpangilio. Ulipokuwa mdogo hukuwa na mpangilio wowote. Ulisoma nakala iliyokufikia, jalada halipo, kurasa za katikati zimechomoka, na ulishiba. Usomaji ule unarudishika, na safari hii utakuwa na macho yanayoona mengi zaidi.

Hatua ya 1: Acha kutafuta mwanzo

Superman alitoka mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics. Batman alimfuata 1939 katika Detective Comics namba 27. Fantastic Four walikuja 1961 na Spider-Man 1962. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, kila mwezi toleo, wakati mwingine mashujaa hao wana mifululizo mitatu minne kwa mpigo. Hakuna anayeanzia huko akafika leo akiwa na akili timamu, na anayekwambia lazima uanzie huko anakutania.

Hata wenye mali yao imewashinda. Mwaka 1985 DC, kampuni ya Superman na Batman, walitoa Crisis on Infinite Earths, matoleo 12, ili kupunguza dunia sambamba zilizokuwa zimezidi kwenye hadithi zao. Mwaka 2011 wakafuta tena meza, wakatoa mifululizo 52 ikiwa na namba 1. Kama mwenye duka anavunja rafu na kupanga upya, wewe mnunuzi unaona haya ya nini?

Fanya hivi: shika kitabu chochote cha shujaa unayempenda, soma kurasa tano, usitafute kitu mtandaoni. Ni kama kuingia kibanda umiza filamu ikiwa katikati. Unamuuliza wa pembeni yako, "Steringi ni yupi?", anakuonyesha kwa kidole, basi, mambo yanaendelea. Wahariri wa zamani walilijua hili. Walichukulia kwamba kila toleo ni la kwanza kwa mtu fulani, ndiyo maana wahusika wa katuni za miaka ya 1960 na 1970 hutaja majina yao na nguvu zao kwa sauti katikati ya ngumi. Ukiwa mtu mzima unacheka, lakini ule ulikuwa ukarimu.

Ukikutana na jina usilolijua, lipite. Kama lina maana litarudi.

Hatua ya 2: Anza na hadithi yenye mwisho

Steringi hafi, hilo tunalijua tangu utotoni, na kwenye katuni hizi sababu ni biashara. Mwaka 1992 DC walimuua Superman katika toleo namba 75 la jarida lake, nakala nyingine zikauzwa ndani ya mfuko mweusi uliofungwa. Watu walipanga foleni. Wengi hawakuufungua mfuko kabisa, wakiamini itakuwa mali ya kusomeshea watoto. Mwaka uliofuata Superman alikuwa amerudi, na nakala zilikuwa nyingi mno kuwa na thamani. Walionunua bila kufungua walikosa pesa na hadithi pia.

Kwa hiyo usianze na mfululizo unaoendelea. Chukua kazi iliyokamilika, ambayo mwandishi alijua anaelekea wapi. Mimi ningeanza na hizi:

All-Star Superman ya Grant Morrison na mchoraji Frank Quitely, matoleo 12, yaliyotoka 2005 hadi 2008. Ukurasa wa kwanza unasimulia asili yote ya Superman kwa picha 4 na maneno 8. Baada ya hapo unaambiwa kwamba jua, lile lile linalompa nguvu, limemzidi na anakufa. Kinachofuata ni shujaa anayemaliza shughuli zake kabla ya kuondoka, na ni kazi changamfu ajabu kwa jambo zito kama hilo.

Batman: Year One, matoleo manne tu, 1987, maneno ya Frank Miller na michoro ya David Mazzucchelli. Usishangae ukigundua kwamba mtu unayemfuata kwa moyo wote ni polisi Jim Gordon, askari mwaminifu katika kituo kilichooza. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa sana hapo.

Ms. Marvel iliyoanza 2014, iliyoandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona. Kamala Khan ni binti wa Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistani. Anakatazwa kwenda sherehe, anatoroka dirishani, na usiku huo huo anapata nguvu. Ukiwa umekulia nyumba ya Kiislamu, Tanga, Mombasa au Muscat, ile meza ya chakula, kaka mshika dini na baba anayejifanya mkali utawajua bila kutambulishwa. Matoleo matano ya kwanza yanatosha kama hadithi moja.

Na kama una nusu saa tu, tafuta toleo la kwanza la Astro City la 1995, la Kurt Busiek na Brent Anderson. Shujaa anayeweza kuruka angani anaokoa watu kutwa nzima, na muda wote anahesabu sekunde alizokuwa hewani, kwa sababu hapati nafasi ya kuruka kwa raha zake. Jumla ya siku haifiki dakika moja. Kila mwenye kazi anayoipenda ambayo imegeuka ratiba atalielewa toleo hilo kuliko mtoto wa miaka kumi.

Watu watakushauri uanze na Watchmen ya 1986. Ni kazi kubwa, sibishi. Ila iliandikwa kuwahoji mashujaa hawa na kuwavua nguo, na mtu anayetafuta furaha aliyoipoteza hapaswi kuanzia mahakamani. Iweke ya tano au ya sita.

Hatua ya 3: Zipate bila kuumiza mfuko

Toleo moja jipya Marekani huuzwa karibu dola 4 au 5 kwa kurasa takriban 20 za hadithi. Ukiongeza usafirishaji hadi Dar es Salaam au Bujumbura, umenunua kitabu kwa bei ya mbuzi. Usifanye hivyo.

Nunua juzuu, yaani kitabu kinachokusanya matoleo matano au sita ya hadithi moja. Kwa nakala ya kidijitali ngoja punguzo, kwani huja mara kwa mara. Marvel, kampuni ya Spider-Man, wana huduma ya kulipia kwa mwezi inayokufungulia maelfu ya matoleo ya zamani, na DC wana yao. Kabla hujaingiza namba za kadi, hakikisha inafanya kazi nchini kwako. Jamaa walioko Ulaya na Marekani Kaskazini wana bahati nyingine: kadi ya maktaba ya mtaa, pamoja na programu kama Libby au Hoopla, mara nyingi huwapa juzuu hizi bure. Kama una ndugu huko, mwambie, maana wengi hawajui kwamba kadi yao inafika mbali hivyo.

Kwa tulio huku, vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara Nairobi na Dar bado vina siri. Katuni hazipangwi peke yake. Zimelala chini ya vitabu vya kuchora vya watoto na majarida ya mapishi. Inama, chimbua, usionyeshe furaha usoni kabla ya kuuliza bei.

Nakala za wizi ziko tele, nawe unazijua. Mbali na kwamba aliyechora halipwi, nyingi zimepigwa picha ovyo: rangi zimekufa na ukurasa wa mwisho haupo. Kwa kitu ambacho nusu ya raha yake ni kutazama, huo ni mlo bila chumvi.

Ukisomea kwenye simu, kuna mpangilio unaokuonyesha fremu (kisanduku cha picha) moja moja, ukigusa inaruka kwenda nyingine. Uzime. Mchoraji alipanga ukurasa mzima uonekane kwa pamoja, na hatua inayofuata haifanyi kazi bila hilo. Kompyuta ya mkononi iliyochakaa ni bora kuliko simu ya bei kali.

Hatua ya 4: Pitia ukurasa mara mbili, picha kwanza

Hapa ndipo watu wazima wengi wanapokosea bila kujua. Shule imetufundisha kwamba maneno ndiyo hadithi na picha ni pambo, basi tunaruka kutoka kiputo cha maneno hadi kiputo, tunamaliza kurasa 20 kwa dakika sita, tunasema "hakuna kitu humu".

Geuza mpangilio. Kwenye kila ukurasa, pitisha macho kwenye picha tu. Usisome. Jiulize nani yuko wapi, nani mkubwa na nani mdogo ndani ya fremu, mwanga unatoka upande gani. Ndipo urudi juu usome maneno.

Ushauri huu una sababu ya kihistoria. Marvel ya miaka ya 1960 ilifanya kazi kwa utaratibu wake: mwandishi na mchoraji walikubaliana kwa ufupi, mara nyingine sentensi chache tu, kisha mchoraji akaenda kuijenga hadithi nzima kwa picha. Maneno yalikuja mwisho. Ndiyo maana Spider-Man huweza kusema "napiga ngumi" huku unamwona akipiga ngumi. Hadithi ilikuwa imeshakamilika kabla kiputo cha kwanza hakijajazwa.

Mfano wa kujifunzia ni Amazing Spider-Man namba 33, wa mwaka 1966. Steve Ditko ndiye aliyebuni mtiririko wake na kuuchora, Stan Lee akaandika maneno. Peter Parker, yaani Spider-Man, amebanwa chini ya chuma kizito mno katika maficho yaliyo chini ya maji. Dari linavuja. Mbele yake, mahali ambapo mkono haufiki, iko dawa ya kumwokoa shangazi yake. Basi, hali ndiyo hiyo. Hakuna adui wa kupigana naye kwenye kurasa hizo, ni kijana na chuma.

Sasa tazama Ditko anavyoifanya. Mwanzoni chuma kinajaza fremu na Peter ni kitu kidogo kilichosetwa chini. Fremu ni finyu, na wewe mwenyewe unahisi pumzi inabana. Anajaribu, anashindwa. Anawaza shangazi na mjomba, nyuso zao zinatokea. Anajaribu tena, na polepole mwili wake unaanza kuchukua nafasi kubwa zaidi kwenye fremu huku chuma kikipungua. Kisha unafungua ukurasa na picha ni moja tu, ukurasa mzima: amesimama, chuma kimeinuliwa, maji yanamwagika. Ditko alikubania nafasi kwa makusudi ili siku akikupa ukurasa mzima uhisi uzito umetoka mgongoni mwako. Filamu haina njia ya kufanya hivyo, kwa sababu skrini yake haibadiliki ukubwa.

Nilisoma toleo hilo utotoni nikakumbuka tu kwamba alitoka. Ukubwani ndipo nilipoona jinsi alivyotolewa.

Ukitaka zoezi la pili, tafuta Hawkeye namba 11 la 2013, la Matt Fraction na David Aja. Toleo zima linasimuliwa na mbwa. Watu wakizungumza, unasikia neno moja moja ambalo mbwa analijua, yaliyobaki ni michirizi, na harufu zimechorwa kama alama ndogo zilizounganishwa kwa mistari. Kuna mauaji yanachunguzwa humo, na mchunguzi anajua kwa pua. Msomaji ambaye Kiingereza humkwaza ataanza hapa akiwa sawa kabisa na mwenye shahada.

Hatua ya 5: Fuata majina yaliyo chini ya kichwa cha habari

Vazi ni la kampuni, mkono ni wa mtu. Mchukue shujaa Daredevil. Yule wa Frank Miller wa miaka ya 1980 ni giza na toba ya Kikatoliki. Daredevil wa Mark Waid kuanzia 2011 anatabasamu kwa makusudi kama mtu aliyeamua kutolala na huzuni tena. Jina moja, vazi moja, na ukiwapenda hawa huenda usiwapende wale. Kwa hiyo ukifurahia kitu, andika nani alikiandika na nani alikichora, halafu watafute hao popote walipokwenda.

Chris Claremont aliandika X-Men, kundi la mashujaa wa Marvel, kutoka 1975 hadi 1991. Jack Kirby alichora matoleo 102 ya kwanza ya Fantastic Four. Watu hao walikaa na wahusika wao miaka mingi kuliko ndoa nyingi, na inaonekana kwenye kurasa.

Kujua majina ni haki pia. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza Superman kwa dola 130. Bill Finger, aliyeshirikiana na Bob Kane kumtengeneza Batman, hakutajwa rasmi kuwa mbunifu hadi 2015, akiwa amefariki zamani.

Hatua ya 6: Ukifika Kenya yao, usiruke

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kituo kimoja cha lazima. Storm wa X-Men ametokea kwetu, au ndivyo walivyosema. Katika Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, ya Len Wein na Dave Cockrum, Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anamkuta Kenya, ambako watu wanamwabudu kama mungu wa kike anayeleta mvua. Kenya ile haina matatu wala ofisi. Ni ukame na watu waliopiga magoti, hawana jina la kabila wala la kijiji. Cheka, una haki.

Lakini usifunge. Mwaka uliofuata, katika X-Men namba 102, Claremont alimpa wasifu. Mama yake, N'Dare, ni Mkenya. Baba ni mpiga picha Mmarekani. Familia inaishi Cairo, na katika vita vya Suez vya 1956 nyumba yao inaangukiwa na ndege. Mtoto anabaki chini ya kifusi karibu na mama yake aliyekufa. Tangu hapo, mwanamke anayeamrisha radi hawezi kuvumilia chumba chenye kuta za karibu. Mungu wa kike wa kuchekesha amekuwa mtu.

Halafu soma namba 186 ya 1984, iliyochorwa na Barry Windsor-Smith. Storm amepoteza nguvu zake. Sehemu kubwa ya toleo ni watu wawili wakizungumza ndani ya nyumba, na ni moja ya katuni bora za mashujaa nilizosoma.

Utazame hivyo hivyo mwendo wa Black Panther. Alitokea 1966 kwenye Fantastic Four namba 52. Mwaka 1973 Don McGregor alimchukua katika Jungle Action, jarida lililokuwa likirudia hadithi za msituni zenye mashujaa wazungu, akaijaza Wakanda, nchi ya kubuni ya Black Panther, watu wenye ugomvi na siasa zao, na Billy Graham, mchoraji mweusi, akachora sehemu kubwa ya hadithi hizo. Wakanda yenyewe imehamishwa hamishwa, lakini baadhi ya ramani huiweka karibu na Ziwa Turkana. Ndugu wa Lodwar wana la kusema hapo.

Kiu ya shujaa anayefanana nasi haikuanza na Hollywood. Wazee wetu walimsoma Lance Spearman, jasusi mweusi wa kofia na biri nene, ambaye hadithi zake zilipigwa kwa kamera badala ya kuchorwa, zikasambazwa na kampuni ya Drum hadi Afrika Mashariki. Ukiona nakala kwa mzee yeyote, iombe uisome papo hapo, kwa maana hatakupa uondoke nayo.

Hatua ya 7: Toleo moja, basi

Hadithi hizi ziliandikwa zisomwe kwa mwezi mmoja mmoja. Mwisho wa toleo shujaa ananing'inia, nawe unaishi siku thelathini ukibishana na wenzako ataokokaje. Ukimeza matoleo 12 usiku mmoja, kila mnyanyuko wa moyo unajibiwa baada ya sekunde mbili, na kufika la saba umechoka bila kujua kwa nini. Yale majuzuu ya kurasa mia nane yanapendeza kwenye rafu, lakini ni mtego.

Soma toleo moja jioni, funga. Kama una mtoto, msimulie kwa Kiswahili huku mnatazama picha, na milipuko uipige kwa mdomo. Atakuuliza vitu ambavyo wewe uliacha kuviuliza, kwa mfano Batman anakojoaje na lile vazi. Usimkemee.

Na ukifika toleo la tatu bila kutaka kujua kitakachotokea, acha. Hakuna mtihani.

Hatua ya 8: Zitunze, ila zisomeke

Karatasi za matoleo ya zamani zina asidi, na jua huzigeuza kahawia. Pwani kuna unyevu juu yake. Usizirundike sakafuni wala kuziegemeza ukutani, kwa sababu mchwa hawabagui Marvel na DC. Zisimamishe wima ndani ya boksi lenye kifuniko, lililoinuliwa kutoka chini, mbali na dirisha. Kipindi cha mvua za masika zitoe mara moja moja zipate hewa kivulini. Mfuko wa plastiki uliobana kabisa kwenye chumba chenye joto hufungia unyevu ndani, ukungu ukaanza, kwa hiyo hakikisha nakala ni kavu kabla hujaifunga.

Nakala iliyochanika mgongo usiibandike kwa selotepu ya kawaida. Gundi yake hupenya, na baada ya muda huacha doa la njano baya kuliko ule mchaniko. Iache hivyo hivyo. Na ukiazimisha, andika jina la aliyechukua.